Bakuli la Komadre Hortensia

Watu wa mji wa Granada wana mzaha mmoja wasiouchoka. Wakisikia unatoka Diriomo wanajishika shingo, wanajifanya wamekabwa, kisha wanakuuliza umemroga nani leo. Diriomo ni kijiji chetu, kiko juu kidogo, upande wa mlima Mombacho, na kinasifika kwa mambo mawili: kashata na uchawi. Mimi ni mpishi wa kashata. Mzaha huo nimeusikia tangu nikiwa binti mwenye kikapu kichwani, na nilikuwa naucheka pamoja nao, kwa sababu mteja anayecheka hununua.

Siku hizi sicheki.

Jioni ninayoisimulia ilikuwa ya Desemba, katika novena, zile siku tisa za sala kwa Bikira, wakati kila nyumba ya Granada inafungua milango yake mikubwa na kuweka altare sebuleni. Nilishuka kwenye basi sokoni na kikapu cha kashata za maziwa, nikashika njia ya mtaa wa Xalteva. Giza lilikuwa linaanza. Upepo wa ziwani ulileta harufu ya majani ya majini na mavi ya farasi. Mlima ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni, na fataki za kwanza zilikuwa zimeanza kulia upande wa kanisa kuu.

Nilikuwa na shughuli mbili. Kupeleka kashata za wageni wa komadre wangu Hortensia, ambaye zamu ya novena ilikuwa kwake usiku huo. Na kumbariki mwanangu Evenor, ambaye alfajiri yake alikuwa anapanda basi la Costa Rica kwenda kufanya kazi na binamu yake, akajenge, akaoe, aishi maisha yake.

Kwetu, mtu aliyemshika mtoto wako kwenye ubatizo ni komadre wako, naye ni zaidi ya dada. Dada hukumchagua. Hortensia nilimchagua mwenyewe. Alikuwa mjane, hana mtoto, ana nyumba ya kale yenye kuta nene na ua katikati, na tangu Evenor apate kazi ya kuendesha gari la farasi la watalii, alikuwa akilala kwake. Mume wangu alipokufa, mimi na Hortensia ndio tuliomwosha. Sikuwa na siri ambayo hakuijua.

Aliijua hata ya haradali.

Niseme kidogo hapo. Kuna wanawake tunaowaita segua. Huitapika roho yao kwenye bakuli la kibuyu, wakaiacha nyumbani, wakajipindua sakafuni mara tatu, wakatoka na mwili mtupu kuwachezea wanaume njiani. Aliyechezewa na segua hafi. Anarudi nyumbani na viungo vyake vyote, ila ndani hayumo. Dawa ya segua ni moja tu: mmwagie punje za haradali mwilini, naye ataziokota zote, hawezi kujizuia, na wewe upate muda wa kukimbia. Ndiyo maana akina mama wa Diriomo tunawashonea wana wetu kifuko cha haradali ndani ya kiuno cha suruali. Watu wa Granada wanatucheka kwa hilo pia. Hortensia hakuwahi kunicheka. Uzi niliomshonea Evenor ulitoka kwenye mkebe wake.

Alinifungulia mlango mwenyewe, kavaa gauni lake la bluu la sikukuu.

"Umechelewa, komadre. Nimeshaanza kusema wachawi wenzako wamekuzuia."

"Basi lilijaa. Evenor yuko wapi?"

"Amerudisha farasi zizini, kule ziwani. Anamuaga."

"Anamuaga farasi?"

"Atamlilia farasi kuliko atakavyonililia mimi." Alitabasamu, lakini tabasamu halikufika popote. "Nimemlea na mimi, Nicolasa. Halafu binamu anapiga simu mara moja tu, basi, mtoto anafunga begi."

"Ni kijana. Atarudi."

"Hawarudi," alisema.

Nikamwonea huruma. Huruma kabisa, ya moyoni. Nikaingia jikoni nipange kashata. Mezani kulikuwa na ndizi mbichi zimemenywa, zimeanza kuwa nyeusi. Nikatafuta ndoo ya maganda nimpelekee nguruwe wa jirani, kama nilivyozoea. Ndoo ilikuwa tupu.

"Maganda ya ndizi umeyapeleka wapi?"

"Nimeshayatumia," alijibu.

Sikuuliza tena. Nani anauliza habari za maganda?

Akanijia karibu, akanishika mikono. Yake ilikuwa ya baridi. "Nisaidie jambo. Tumbo linanisumbua. Najilaza kidogo, kisha nitatokea mlango wa nyuma nikachukue mishumaa kwa majirani, kina Arana. Ukisikia mlango umefungwa, ingia chumbani kwangu. Mezani kuna bakuli la kibuyu. Kaa nalo mpaka nirudi."

"Lina nini?"

"Dawa yangu, inapoa. Paka asiliguse. Upepo usiliguse. Wewe usilifunue."

"Haya."

"Kuna mtu mwingine ningemwambia? Sina. Ninaye wewe tu." Akanibusu kwenye paji la uso.

Busu hilo, mpaka leo, nikiosha uso nalikuta pale pale.

Aliingia chumbani, akafunga mlango. Nikaendelea kupanga kashata kwenye sinia. Kisha nikasikia anatapika. Haikuwa kama mtu aliyekula vibaya. Ilikuwa ndefu... ndefu mno, kama mtu anavuta kamba kutoka kisimani.

"Komadre, unaumwa sana?"



Halafu kishindo. Kitu kizito kilianguka sakafuni, kikabiringika, kikaanguka tena. Na tena. Hortensia alikuwa na magoti mabovu. Kanisani alikuwa hapigi magoti, anainamisha kichwa tu. Nikasogea mlangoni. Nikasikia mlango wa nyuma umefungwa taratibu.

Nikaingia.

Taa ya mezani ilikuwa inawaka. Gauni la bluu lilikuwa sakafuni. Na viatu. Na nguo za ndani. Kwenye glasi ya maji, meno yake ya bandia. Nikasimama nikivitazama vitu hivyo, akili yangu ikawa inatafuta namna nzuri ya kuvieleza. Amebadilisha nguo, nikajiambia. Amevaa nyingine. Lakini meno? Hortensia hakuwahi kufika hata dirishani bila meno yake.

Bakuli lilikuwa mezani, limefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa. Harufu yake ilikuwa ya chumba alicholala mtu na madirisha yamefungwa. Nikavuta kiti, nikakaa nalo, kama nilivyoahidi.

Kitambaa kilikuwa kinapanda na kushuka.

Polepole. Kinapanda. Kinashuka.

Nje, maandamano ya Bikira yalikuwa yanapita mwisho wa mtaa. Nilisikia ngoma, na mtu akapaza sauti kama wanavyofanya kila mwaka: "Nani chanzo cha furaha hii?" Na umati mzima ukaitikia kwamba ni Maria, aliyetungwa mimba bila doa.

Na chini ya kitambaa, sauti ndogo, ya mtu asiye na meno, ikaitikia pia.

"Ni Maria... aliyetungwa mimba..."

Niliruka nikarudi nyuma mpaka ukutani. Mkono wangu ukagonga mkebe wake wa uzi, ukaanguka, ukafunguka, na vitu vidogo vikatawanyika sakafuni kama mchanga. Niliinama nikavigusa. Haradali. Katikati yake kulikuwa na kifuko changu, kile nilichokishona mimi. Mshono haukuwa umekatwa. Ulikuwa umefumuliwa kwa utulivu, na uzi umezungushwa vizuri utumike tena.

Hapo ndipo nilipoyaelewa maganda ya ndizi. Segua hujifunika meno kwa maganda mabichi. Kila mtu wa Diriomo anajua hilo. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni naulizia ndoo.

Nikampigia Evenor.

"Mama. Nakuja, niko kwenye ukuta wa konventi ya watawa."

"Umevaa suruali ipi?"

Akacheka. "Mama nawe. Hii aliyonifulia mama Hortensia asubuhi. Ya safari."

"Rudi barabara kuu, kwenye watu. Sasa hivi."

"Kwa nini unanong'ona? Ngoja... kuna mwanamke hapa."

"Evenor."

"Yuko ukutani. Sijui analia au anacheka. Amejifunika nywele usoni... ni kama kamba za katani."

"Usimtazame. Kimbia."

"Mama, ananijua." Sauti yake ilikuwa imeanza kulegea, kama ya mtu anayeshikwa na usingizi. "Ananiita Norito."

Jina hilo la utotoni tulikuwa tunalitumia watu wawili tu duniani. Mimi nilikuwa chumbani nimeshika simu.

Nikasikia kitu kikigongana, meno juu ya meno. Kisha kicheko kirefu, cha farasi. Nikaita jina la mwanangu mara nyingi, siwezi kusema ngapi. Simu haikukatika. Nilimsikia akipumua tu, karibu kabisa na sikio langu. 

Nikakimbilia jikoni nikachukua konzi ya chumvi. Roho iliyotiwa chumvi hairudi mwilini. Inabaki kutangatanga, na mwili unakauka ulipo. Sikuwa na huruma tena. Nilirudi chumbani, nikaliinua bakuli kwa mkono mmoja, nikaenda mlango wa uani. Nilidhamiria kulitia chumvi na kulimwaga mferejini, na Mungu anihukumu.

Bakuli likaniongezekea mkononi.

Sisemi lilikuwa zito. Lilikuwa jepesi nilipoliinua, kisha likaongezeka uzito nikiwa nimelishika, kama ndoo iliyo chini ya bomba.

"Komadre," sauti ikasema chini ya kitambaa.

Nikaibana chumvi kiganjani.

"Ukinimwaga mimi... unammwaga na yeye."

"Mwongo."

"Ninachokichukua huko, kinakuja huku. Sikiliza."

Nikasikiliza. Fataki zilinyamaza kidogo, kana kwamba mji mzima ulitaka nisikie. Na ndani ya bakuli, chini kabisa, sauti ya Evenor. Ya Evenor alipokuwa mdogo na anaogopa kwenda chooni peke yake.

"Mama? Mama, usimwage."

 Nikakaa kizingitini, nimelikumbatia bakuli, kitambaa kikipanda na kushuka dhidi ya kifua changu. Sasa kilikuwa kinapumua pumzi mbili. Chumvi ilikuwa imeanza kuyeyuka kwa jasho la kiganja changu.

Nilimsikia akiingia kwa mlango wa nyuma. Nyayo zilikuwa za miguu mitupu, na nyuma yake viatu vya mwanamume. Sikuinua macho. Mkono ulikuja ukachukua bakuli kutoka kifuani kwangu, kwa upole, kama mtu anavyomchukua mtoto aliyelala, na mlango wa chumba ukafungwa. Nikasikia mtu anakunywa.

Alipotoka alikuwa na gauni lake la bluu, meno yake na nywele zilizochanwa. Harufu ya ndizi mbichi ilikuwa bado mdomoni mwake. Alikuwa amemshika Evenor mkono.

Mwanangu alikuwa anatabasamu. Tabasamu zuri. Alinitazama mimi, akaitazama meza, akaitazama taa, na vyote alivitazama sawasawa.

"Amechoka," Hortensia alisema. "Kesho hataweza safari."

"Mrudishe."

"Yuko hapa, si unamwona?"

"Hortensia, mrudishe mwanangu."

"Mwanetu." Alimwondolea kipande cha ganda la kijani begani, akakitia mfukoni. "Ningekuomba, ungekataa. Ungesema ni kijana, atarudi. Roho yangu nimeinywa. Yake imebaki bakulini, salama. Haitaharibika kama watu hawatafanya ujinga."

"Nilikuamini wewe kuliko damu yangu."

"Ndiyo," alisema, na hakuwa anakejeli. "Roho haiachwi kwa mtu yeyote tu, komadre. Lazima uiache kwa anayekupenda. Kwa mwingine isingekaa. Nimetafuta miaka mingi, hakuna aliyenipenda kama wewe."

Nilikuwa nimefungua mdomo nipige kelele. Mlango wa mbele ukagongwa. Wageni wa novena.

Walijaa sebuleni na watoto wao, gitaa zao na harufu ya manukato. Walinikuta nimesimama mlango wa chumba, nywele zimetimka, haradali miguuni, konzi ya chumvi mkononi. Mzee Arana akanitazama kutoka juu hadi chini, akajishika shingo.

"Eh, mama wa Diriomo. Leo umemroga nani?"

Sebule nzima ikacheka. Hortensia naye alicheka, akiwa amemshikilia Evenor mkono, na macho yake yakaniambia: haya, waambie. Waambie wewe, mwenye chumvi na haradali, wewe wa Diriomo. Waambie mjane wa Xalteva anayelipia maua ya Bikira amefanya nini. Tuone wataamini nani.

Nikafungua kiganja. Chumvi ikaanguka. Nikachukua sinia, nikawagawia kashata.

Daktari alisema ni mshtuko wa ubongo. Padri alisema ni mapenzi ya Mungu. Siku hizi Evenor anafagia kibaraza asubuhi na jioni, hana makosa, na Hortensia anamwita naye anakuja. Evenor anamwita yeye mama. Mimi ananiita "bibi wa kashata". Watalii wanaotembea kutazama nyumba za kale husimama mbele ya mlango ule mkubwa, wakamwona kijana mzuri mwenye ufagio, akawatabasamia, wakampiga picha.

Bakuli liko chumbani, kando ya sanamu ya Bikira. Kila Hortensia anapotaka kutoka, anapiga simu, nami nashuka kwa basi na kikapu changu. Siulizi anakwenda kumchezea nani. Namsikia akitapika, nasikia vishindo, nasikia mlango wa nyuma. Halafu naingia, nakaa. Nisipokwenda, nani atamfukuza paka?

Mara moja tu nilimwuliza. "Na wewe ukifa?"

Alikuwa anarekebisha meno yake kwenye kioo. "Bakuli ni langu. Nikiondoka, linaondoka na vyote vilivyomo. Kwa hiyo niombee, komadre."

Namwombea. Nimempelekea supu ya kuku, mafuta ya kusugua magoti, majani ya dawa ya kifua. Xalteva wanasema hawajawahi kuona makomadre wanaopendana hivi. Kila jioni, kabla ya kulala, napiga magoti kijijini kwangu na kumsihi Mungu ampe maisha marefu mtu ninayemchukia kuliko wote aliowaumba.

Mwezi wa Desemba ndio mgumu zaidi. Maandamano yanapita mwisho wa mtaa, mtu anapaza sauti kuuliza nani chanzo cha furaha hii, na chini ya kitambaa wanaitikia wawili. Sauti ya kwanza haina meno. Ya pili ni ya mtoto, na kila mara inachelewa kidogo, kama zamani kanisani nilipokuwa nikimfundisha maneno. Mimi huinama nikaitikia naye, polepole, mdomo wangu karibu na kitambaa, mpaka tumalize pamoja.

Jana usiku Hortensia alinipigia simu. Anataka niende Jumamosi, nimpelekee kashata za nazi. Kabla ya kutaja jina langu alikohoa, kikohozi kirefu cha chini ya kifua, akasema ni vumbi tu.